Kipilefti au kituo cha daladala? Jina la kocha wenu likae wapi

Swali: "Kocha wetu alifariki mwaka jana, baada ya Mfungo Sita. Hakuajiriwa na klabu wala shule. Alikuwa na kazi yake, na kila jioni akishatoka kazini anatukusanya uwanjani, tangu tukiwa watoto wa kupiga chandimu hadi wengine tukasajiliwa timu za ligi. Mipira na daluga alinunua kwa mfuko wake. Sasa wachezaji wake wa zamani tuna kikundi cha WhatsApp na tumechanga fedha kidogo. Tunataka kipilefti kilicho karibu na uwanja, hapa Tanga mjini, kiitwe kwa jina lake. Kwa sasa watu wanapaita 'kwenye transfoma'. Mwenzetu mmoja ana karakana ya kuchomelea, anasema tusimamishe bango usiku mmoja, watu watazoea. Mwingine anasema haiwezekani mpaka Rais atamke, kama ilivyokuwa Ubungo. Wa tatu anasema lazima ipite miaka kumi tangu mtu afe. Kuna kampuni ya vinywaji iko tayari kulipia kila kitu ikiwa nembo yake itaonekana. Diwani tumemwambia, akasema 'nitalibeba', tangu hapo kimya. Tuanzie wapi?"

Poleni sana, na Mungu amrehemu kocha wenu. Kila mtaa wa Tanga una mtu wa namna hii, na wengi wao huzikwa bila hata jina kubaki kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Jambo mnalolitaka linawezekana. Gharama yake kubwa ni muda na mikutano, fedha ni sehemu ndogo. Kabla ya kueleza njia, niondoe yale matatu mliyoambiwa, maana kila moja linaweza kuwapoteza kwa namna yake.

La bango la usiku kwanza, kwa sababu ndilo la hatari. Kipilefti, pamoja na ukingo wa barabara unaokizunguka, ni sehemu ya hifadhi ya barabara. Hakuna anayeruhusiwa kusimika kitu humo bila idhini ya mwenye barabara, hata kama ni kwa nia njema. Kwa barabara kuu na za mkoa, zilizo chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa barabara za mitaani zilizo chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), upana hutegemea mchoro wa mipango miji wa eneo husika. Bango lisilo na kibali huwekewa alama ya X, kisha hung'olewa, na jina la marehemu litaondoka nalo mbele ya watu. Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Mkishasimamisha bila ruhusa, maombi yenu ya baadaye yanaonekana kama ya kuhalalisha kosa. Afisa ambaye angewasaidia atawaza kujilinda yeye kwanza.

La Rais kutamka, naelewa lilikotoka. Februari 2021, makutano ya Ubungo yalipewa jina la Balozi John Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi, wiki moja tu baada ya kifo chake, na tamko lilitoka kwa Rais siku ya uzinduzi. Ule ulikuwa mradi wa kitaifa wa mabilioni. Kipilefti cha mtaani hakihitaji Ikulu. Jina lake linazaliwa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, linapita kata, linaamuliwa na Baraza la Madiwani la Jiji. Mkisubiri kiongozi wa kitaifa apite Tanga atamke, mtasubiri sana, na akitamka bado wataalamu wataulizia muhtasari wa mtaa uko wapi.

La miaka kumi linajibiwa na mifano hiyohiyo. Mhandisi Patrick Mfugale wa TANROADS alipewa daraja la juu la TAZARA mwaka 2018 akiwa hai. Alifariki mwaka 2021. Uwanja wa Taifa ulipewa jina la Benjamin Mkapa mara tu baada ya kifo chake Julai 2020. Hata hivyo busara ya kusubiri kidogo ipo. Msiba ukiwa mbichi hakuna anayethubutu kusema neno la kupinga, na ukimya huo mtauchukulia kuwa ni kukubali. Mwaka mmoja uliopita kwenu unatosha.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, ambalo ningependa mlifikirie kuliko utaratibu wa barua. Nendeni Dar es Salaam mpande daladala inayopita TAZARA. Kibao kinasema Mfugale. Konda anasema "Tazara". Pale Ubungo nako vilevile. Si kwamba watu wanawadharau wale wazee. Mahali pale palikuwa na jina tayari, watu walikuwa wanalitumia kushukia, kuelekezana na kupanga miadi, na jina jipya halikuwapa kitu ambacho la zamani halikuwapa. Kwa upande mwingine, angalia Kwa Aziz Ally, Kwa Mtogole, Kwa Msuguri. Majina hayo yanatajwa maelfu ya mara kila siku na makonda ambao hawajawahi kumwona mwenye jina. Yameshika kwa sababu mahali palikuwa hapana jina, mtu akawa ndiye alama yenyewe.

Na sisi wa mkoa huu tuna nini cha kujifunza huko Dar? Handeni nzima imejaa majina ya aina hiyo: Kwamsisi, Kwamkono, Kwaluguru. Hapa mjini tuna Kwaminchi na Kwanjeka. Hakuna kibao kilichoyafanya yakae.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mahali gani karibu na uwanja wenu panahitaji jina? Kipilefti, kwa maneno yenu wenyewe, kinaitwa "kwenye transfoma". Hilo ni jina. Bodaboda wanalijua, mama lishe wanalijua, na transfoma haiendi popote. Mtashindana nalo, na nina wasiwasi mtashindwa. Lakini mahali daladala zinaposimama mbele ya uwanja panaitwaje? Nadhani wanasema "uwanjani" tu, na Tanga hii ina uwanjani nyingi. Mgeni akiambiwa ashukie uwanjani anaweza kujikuta Mkwakwani. Hapo ndipo pana pengo. Konda akisema "Kwa Kocha, shusha!" anapata kitu chepesi mdomoni na abiria anajua ashuke wapi. Mimi ningeacha kipilefti na kuomba kituo.

Mnaweza kuuliza, kwa nini basi msiombe barabara nzima, ambayo ina heshima zaidi? Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Tangu operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa Februari 2022, kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, kila nyumba ina anwani inayojengwa na namba yake, jina la barabara, na postikodi ya kata. Kwa Mkoa wa Tanga postikodi zinaanza na 21. Majina hayo yako kwenye mfumo wa kitaifa wa anwani, unaoitwa NaPA. Ukibadilisha jina la barabara umebadilisha anwani ya kila aliye juu yake: leseni ya biashara, usajili wa mlipakodi, mkataba wa pango, ramani ya anayeleta mzigo. Mwenye duka ambaye hakumjua kocha atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini asumbuke. Kwenye mitaa kama ya Ngamiani ugumu ni mkubwa zaidi, maana kule barabara zina namba na mji mzima umezoea kuhesabu: Barabara ya Saba, ya Kumi na Mbili, na kuendelea. Ukitoa namba moja katikati umeharibu hesabu ya wote. Kituo, kipilefti, daraja dogo, kivuko cha waenda kwa miguu, hivi havina nyumba juu yake. Jina likibadilika hakuna anayepanga foleni kurekebisha karatasi. Ndiyo maana maombi ya majina ya vitu kama hivi hupita kwa urahisi kuliko ya barabara zenyewe. Kama ipo njia changa au uchochoro usio na jina unaoelekea uwanjani, huo nao mnaweza kuufikiria.

Mkiamua kubaki na kipilefti, basi msiweke maandishi marefu katikati yake. Naona kila mahali watu wanataka mnara wenye picha, tarehe ya kuzaliwa, orodha ya vikombe. Kipilefti kinafanya kazi kwa sababu dereva anaona gari linalotoka kulia kwake kabla hajaingia. Ukijenga kitu kirefu umemziba. Na ukiandika maneno madogo, mtoto atavuka katikati ya magari kwenda kuyasoma. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kulinda watoto, hilo lingekuwa jambo baya kuliko kukosa jina kabisa. Katikati ya kipilefti panafaa maua mafupi na neno moja linalosomeka kutoka mbali. Habari za maisha yake ziwekwe ukutani mwa uwanja, mahali mtu anaposimama salama.

Kuhusu utaratibu, mwanzo wake ni mkutano wa wakazi wa mtaa, na huyo diwani wenu anakuja baadaye. Diwani aliyesema "nitalibeba" hajakosea, lakini mikononi hana kitu cha kubeba. Mwandikieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda. Nendeni wengi, na nendeni na wazazi, kwa sababu mkutano uliojaa wachezaji wa zamani peke yao utaonekana kama kikao cha klabu. Mkitoka hapo hakikisheni mtendaji wa mtaa ameandika muhtasari unaotaja mahali hasa (tumia alama zisizohamishika: kona ya shule fulani, mkabala na msikiti fulani), jina kwa herufi zake kamili, sababu za kulipendekeza, na karatasi ya mahudhurio yenye saini. Muhtasari huo ndio roho ya maombi yote. Nimeona maombi mazuri yakikaa kabatini kwa kukosa karatasi ya mahudhurio tu.

Muhtasari unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile watendaji wanayoiita WDC, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Hapo sasa ndipo atalibeba kweli. Kata ikiridhia, barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji, inapitia kwa wataalamu na kamati inayoshughulikia mipango miji, kisha Baraza la Madiwani. Baraza la kawaida huketi kila robo mwaka. Mkikosa kikao kimoja, hesabuni miezi mitatu. Wakati huohuo pelekeni nakala kwa mwenye barabara. Kama ni barabara ya kwenda Segera, Horohoro au Pangani, nendeni ofisi ya Meneja wa TANROADS mkoa. Kama ni ya mtaani, TARURA. Msiishie kupeleka nakala. Ombeni kuona kama kuna mchoro wa upanuzi au wa taa za kuongozea magari. Itakuwa uchungu kupata idhini ya jina la kipilefti ambacho mwaka unaofuata kinavunjwa.

Jina lenyewe lichagueni kwa masikio. Jina la cheti cha kuzaliwa lenye maneno matatu litafupishwa na konda siku ya kwanza, na hamtakuwa na sauti juu ya ufupisho wake. Kama watoto walimwita kwa jina moja la utani la heshima, hilo ndilo lenye nafasi ya kuishi, mradi familia imelikubali. Angalieni pia kama ndani ya kata hakuna mahali pengine penye jina linalofanana. Gari la wagonjwa kutoka hospitali ya Bombo likiitwa usiku halina muda wa kuuliza ni lipi kati ya mawili.

Nimetaja familia, na hapa nakaa kidogo. Katika barua yenu sijaona mahali palipoandikwa kwamba mjane au watoto wameulizwa. Nendeni kwao kabla ya mkutano wa mtaa, na mwende na mtu mzima, msitume ujumbe wa simu. Wapo watakaofurahi. Wapo pia watakaosema hawataki jina la baba yao lipigiwe kelele barabarani, na kwamba kama kuna fedha afadhali ichimbwe bomba la maji pale uwanjani iwe sadaka jariya. Hilo ni jibu halali na msilipinge. Ombeni ridhaa yao kwa maandishi, maana kata watauliza.

Jambo jingine ni zito kulisema, lakini mtaalamu asiyelisema hawasaidii. Mtu aliyekaa na watoto wa watu miaka mingi anaheshimiwa mbele ya watu wote, na heshima hiyo lazima iwe imepimwa. Ulizeni wazazi na wachezaji wa rika mbalimbali, wasichana pia kama aliwafundisha, kwa faragha na bila haraka, kama kuna mwenye jambo. Mara nyingi mtasikia sifa tupu, na sifa hizo zitaingia kwenye muhtasari. Likijitokeza neno la kuumiza, ni bora mlisikie ninyi nyumbani kwa mtu kuliko kulisikia barazani, na bora zaidi kwa yule aliyenyamaza muda wote huo.

Kampuni ya vinywaji: ikitaka kuchangia, ichangie mipira. Nembo ikiingia kwenye kibao, hicho kinakuwa tangazo la biashara, na matangazo yana ada na vibali vyake vingine. Tena mkataba ukiisha, nani atakipaka rangi? Na kama vinywaji vyenyewe ni vya kilevi, sidhani kama nahitaji kuendelea. Rangi za vyama pia ziepukeni, hata kama mfadhili ni mgombea mwenye roho safi.

Fundi wenu wa kuchomelea atapata kazi, asijali, ila mwambieni asifikirie bamba la chuma. Mji huu upepo wa bahari una chumvi, na chuma kinachobaki bila kutu kitaishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Nguzo ya zege yenye herufi zilizochongwa ndani yake haiuziki, na saruji ni ya kwetu wenyewe, inatoka Pongwe. Yeye atengeneze kalibu ya herufi.

Kuna kitu hamkuniuliza. Huo uwanja ni wa nani? Mmeuandika kana kwamba ni wenu, na kila mtaa unafanya hivyo mpaka siku mawe ya mipaka yanapowekwa. Uwanja wa mazoezi unaweza kuwa wa shule, wa Jiji, wa chama, wa taasisi ya dini, au ni kiwanja cha mtu ambaye hajapata fedha ya kujenga. Nendeni ofisi ya ardhi na mipango miji ya Jiji muombe kuona mchoro wa eneo. Kama umeandikwa eneo la wazi au la michezo, vizuri. Sheria ya mipango miji ya mwaka 2007 inataka mabadiliko ya matumizi yafuate utaratibu, na mwananchi ana nafasi ya kupinga. Kama haujaandikwa hivyo, basi fedha na nguvu zenu zote zinahitajika huko kwanza. Kituo kinachoitwa Kwa Kocha, nyuma yake kuna ghala, mtamweleza nini mtoto anayeuliza kocha gani? Na mkiweza kuunganisha maombi mawili, kituo kipate jina na uwanja uingizwe rasmi kwenye mchoro kwa jina hilohilo, mtakuwa mmefanya kazi kubwa zaidi ya kibao. Mgogoro ukiwapo tayari, kwa mfano mtu ameshaonyesha hati, msiendelee kwa ushauri wa kusoma kama huu. Tafuteni wakili au msaada wa kisheria, mwende naye mkiwa na nakala za kila karatasi.

Mnapongoja Baraza, hakuna sheria inayowakataza kulitumia jina. Zungumzeni na kijiwe cha bodaboda na makonda wa njia hiyo. Tangazo la bonanza liandikeni "Uwanjani Kwa Kocha". Kwenye ramani ya Google mtu yeyote anaweza kupendekeza mahali, ila ngojeni ridhaa ya familia kwanza. Mkutano wa mtaa ukikaa na nusu ya waliohudhuria tayari wanalitaja jina bila kufikiri, mwenyekiti hatakuwa na mjadala mrefu. Baraza likikataa, ombeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni jina kufanana na jingine au mahali kutotajwa vizuri, na hayo yanarekebishika kwa kikao cha robo inayofuata.